Kipwa, masika na njia ya maji: majira yetu kati ya mlima na ziwa

Mwulize mwanafunzi wa sekondari hapa Bwegera majira ya mwaka ni mangapi. Wengi watakujibu: ni manne. Watayataja kwa Kifaransa moja baada ya jingine, pamoja na theluji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Halafu mwulize mtoto huyo huyo mama yake anapanda mahindi wakati gani. Atajibu bila kufikiri: «Mvua ikisha kuanza, mwezi wa kumi.» Kumbe anajua.

Sisi tunaofundisha jiografia katika bonde hili tumekutana na jambo hilo miaka nenda, miaka rudi. Mtoto ana kalenda mbili kichwani. Ya kitabu huiandika kwenye mtihani. Ya nyumbani huiishi kila siku, lakini haihesabu kuwa elimu. Ndiyo maana tumekubali kwa furaha kuandika kurasa hizi juu ya majira ya Uvira na bonde la Ruzizi, kama tulivyoyapokea kwa wazee na kama tunavyoyaona leo. Na tunataka ndugu msomaji ashike jambo moja: wazee walipotufundisha majira, hawakutufundisha tarehe tu. Walitufundisha pia mahali. Tarehe tumezishika kidogo. Mahali tumepasahau, na kusahau huko kumekwisha kutugharimu roho za watu.

Mlima, bonde na ziwa

Uvira ni mji uliobanwa. Mbele yake kuna ziwa Tanganyika, lenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari na kina kinachofika karibu mita 1.470, duniani ziwa moja tu, Baikal la Urusi, linalipita kwa kina. Nyuma ya mji kuna safu ya Mitumba, na vilele vya Itombwe vinapita mita 3.000. Kati ya maji na mlima kumebaki kanda nyembamba ya ardhi, na juu ya kanda hiyo watu wamejenga nyumba, masoko, makanisa, misikiti na shule. Ukitoka mjini kwa barabara ya kwenda Bukavu, ardhi inafunguka: hilo ndilo bonde la Ruzizi, lenye Kiliba, Runingu, Sange, Luberizi na kwetu Bwegera. Ruzizi yenyewe inatoka ziwa Kivu, lililo mita 1.460 hivi juu ya bahari, na inashuka mpaka Tanganyika.

Mambo haya wenyeji waliyajua kabla ya kuwa na ramani. Burton alipofika Uvira mwezi wa nne 1858 akitafuta chanzo cha Nili, aliambiwa na watu wa hapa kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Habari hiyo haikumpendeza, lakini ilikuwa kweli. Livingstone na Stanley walikuja mwezi wa kumi na moja 1871, wakaenda mpaka mdomo wa mto, wakakuta maneno ni yale yale.

Katika vitabu, hali yetu ya hewa inaitwa ya kitropiki yenye kiangazi. Ni sawa, lakini haitoshi. Joto la kwetu halibadiliki sana. Kuanzia Januari hadi Desemba mtu anavaa shati lile lile. Kinachogawa mwaka ni maji. Na maji hayo hayagawanywi sawa. Mawingu yanamwaga mzigo wao juu ya milima, upande wa Itombwe na upande wa Burundi, na bonde lililo katikati hupata masalio: mlimani mvua inaweza kupita milimita 1.500 kwa mwaka, wakati bondeni ni 800 hadi 1.000 hivi. Kwa hiyo mtu wa bonde anaishi kwa mvua mbili: ile inayomwangukia kichwani, na ile iliyoanguka mlimani ambayo hakuiona, inayomfikia kwa miguu, kwa njia ya mto. Hiyo ya pili ndiyo inayolisha mpunga wetu. Ndiyo pia inayoua.

Kalenda ya nyumbani

Mwaka wetu una sehemu mbili kubwa, kipwa na masika. Kipwa kinaanza mwishoni mwa mwezi wa tano na kinafika mwezi wa tisa. Majani yanakauka, vumbi la barabara linakaa juu ya kila kitu, na usiku ukiangalia mlimani unaona mistari ya moto, maana watu wanachoma majani. Lakini kipwa si wakati wa kulala. Ndipo watu wanapofyatua matofali na kuezeka nyumba. Ndipo akina mama wanapoanika muhogo, kwa kuwa muhogo uliokauka kwa jua kali ndio unaotoa bugali nyeupe. Ndipo ndoa zinapofungwa, kwa sababu njia zinapitika na mavuno yameingia. Ng'ombe nao wanafuata maji, na kila mwaka wafugaji na wakulima wanapaswa kukaa chini na kupatana juu ya njia za mifugo. Pale wanapopatana mapema, kipwa kinapita vizuri.

Mwezi wa tisa ndio mgumu. Joto linapanda, ghala linaanza kuonyesha sakafu, na kila mtu anaangalia mlima. Tate wetu, mama ya mama, alikuwa na desturi ambayo hatujaiona katika kitabu chochote cha kilimo. Mvua ya kwanza ikinyesha, majirani wengine wanakimbia na majembe. Yeye hapana. Alisema: «Hii ni mvua ya kufukuza vumbi.» Alingoja ya pili, ya tatu. Kisha alienda shambani, akachimba kwa mkono. Kama ubichi umeishia kwenye vidole, anarudi nyumbani. Kama umefika kwenye kifundo cha mkono, anafungua kibuyu cha mbegu. Alikuwa na dalili nyingine: kumbikumbi wakiruka jioni, vyura wakiimba usiku kucha, vijimbayuwayu wakifika kwa makundi. Tulipokwenda kusoma chuo cha ualimu tulielezwa kwamba vijimbayuwayu hao wengi wanatoka Ulaya, wanakimbia baridi ya kule. Tate hakuijua Ulaya, lakini tarehe yao ya kufika aliijua.

Mvua zikishika, zinaendelea hadi mwezi wa kumi na mbili. Katikati ya Januari na Februari kuna pumziko fupi, kipwa kidogo, siku za kukausha mahindi na maharage. Kisha mvua inarudi kwa nguvu mwezi wa tatu na wa nne. Sababu yake iko juu ya vichwa vyetu: jua linapita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka, karibu na 21 Machi na 23 Septemba, na mkanda wa mvua unalifuata nyuma. Waagronomia wameipa misimu hiyo herufi: saizoni A ya kuanzia mwezi wa tisa, saizoni B ya kuanzia mwezi wa pili, na saizoni C ya kulima mabondeni wakati wa kipwa. Wakulima wetu wamezipokea herufi hizo bila shida, kwa kuwa vitu vyenyewe walikuwa navyo.

Tuseme pia kwamba shule inafuata kalenda hiyo, ijapokuwa haisemi. Mwezi wa kumi viti vinabaki vitupu asubuhi: watoto wako shambani na wazazi wao. Pesa za shule ya sekondari zinaingia baada ya mavuno, na mvua ikichelewa mwezi mmoja, malipo nayo yanachelewa. Mwalimu wa bonde anaweza kusoma mvua katika daftari la mahudhurio.

Zamani, kusema «sasa tupande» halikuwa neno dogo. Ng'ambo ya Ruzizi, katika Burundi ya wafalme, kulikuwa na sikukuu ya Umuganuro, mfalme akifungua wakati wa kupanda mtama. Waswahili wa pwani ya bahari wanayaita yale makundi ya nyota ndogo Kilimia, jina linalotokana na kulima. Kila mahali watu walitafuta saa ya kuaminika, ama kwa mfalme, ama kwenye nyota, ama kama tate wetu, ndani ya udongo.

Ziwa nalo lina kalenda yake

Wavuvi wa Uvira hawahesabu kwa mvua peke yake. Wanahesabu kwa mwezi wa angani na kwa upepo. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa inakuwa kama kibatari mchana, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Mama anayenunua sokoni anajua: mwezi ukiwa mzima, kopo la ndagala linapanda bei. Wakati wa kipwa ndagala zinakauka vizuri juu ya mchanga kwa siku moja au mbili. Wakati wa masika zinaoza kabla ya kukauka, na hasara ni ya mama muuzaji.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa unavuma upepo wa kusini, mbio ndefu juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650. Mawimbi yanakuwa makali huku kwetu kaskazini, na kila mwaka unachukua watu. Lakini upepo huo ndio mkulima wa ziwa. Chini sana majini hakuna hewa, ila kuna mbolea nyingi iliyozama. Upepo unasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda, na chakula cha samaki kinapatikana. Mwaka 2003 wataalamu walieleza katika gazeti la sayansi Nature kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto, na upepo ukipungua, mchanganyiko huo unadhoofika na uzazi wa ziwa unapungua. Wavuvi wazee walikuwa wameshaanza kusema: «Ziwa imechoka.» Kila upande ulisema kwa lugha yake.

Ndiyo sababu nchi zinazozunguka ziwa zimeanza kupatana kulipumzisha. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila ndagala ni mizigo kwa jamaa maskini, hatukatai. Lakini desturi ya kupumzika si ngeni kwetu. Mbalamwezi imekuwa ikitufundisha tangu zamani.

Mto hausahau njia

Sasa tufike kwenye jambo lenye uchungu. Wazee wa bonde na wa kando ya ziwa walikuwa na neno wanalolirudia: «Muto haisahauke njia yake.» Mto unaweza kuhama, unaweza kukaa kimya miaka ishirini, watoto wakacheza mpira katikati ya mawe yake. Siku moja unarudi. Kwa sababu hiyo sehemu fulani zilibaki bila nyumba. Mtu alilima pale mboga, alichimba mchanga pale, alichunga mbuzi. Kulala pale, hapana.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Uvira. Mulongwe ulishuka na mawe, miti na matope, ukaingia katika mitaa. Watu zaidi ya 40 walikufa, makumi ya maelfu walibaki bila nyumba. Madaraja yalikatika, mabomba ya maji yaliharibika, na katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa, kila jamaa ilijua hatari ya kurudi kuteka maji ziwani.

Tulipofungua tena madarasa baada ya miezi ya korona, tuliwapa wanafunzi hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ni litri moja juu ya mita moja ya mraba. Basi mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya kilomita moja ya mraba ya mlima, ni maji kiasi gani? Jibu ni litri milioni 50. Na mlima unaoteremsha maji yake Mulongwe una kilomita za mraba nyingi. Darasa lilinyamaza. Kisha msichana mmoja aliuliza: «Mwalimu, na zamani mvua haikuwa inaanguka?» Swali zuri sana. Ilikuwa inaanguka. Lakini mlima ulikuwa na miti, na mti unashika maji kama mama anavyoshika mtoto mkononi, unayaachilia polepole. Leo miti imekwenda kwenye makala na matofali, mashamba yamepanda mpaka kwenye mteremko mkali, na kule chini, katika njia ya mto, tumepima viwanja. Mji umejaa kwa sababu vita vimesukuma watu kutoka milimani na bondeni. Mtu anayekimbia hachagui kiwanja. Ananunua kile kinachouzwa rahisi. Na kiwanja rahisi mara nyingi ni kile ambacho wazee walikikataa.

Ziwa nalo lina kumbukumbu. Kila mwaka linapanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kipwa, tofauti ikiwa kama sentimita 80. Juu ya mwendo huo mdogo kuna mwendo mkubwa wa miaka mingi. Karibu 1878 lilisimama juu sana, kwenye mita 783 hivi, mpaka lilipovunja kizuizi cha Lukuga, upande wa Kalemie, na kuanza kushuka. Mwaka 1964 lilipanda tena mpaka karibu mita 777. Tangu 2020 limerudi kupanda: tumeona maji ndani ya nyumba za Uvira, na ng'ambo kule Gatumba, Burundi, mitaa mizima ilihama kwa sababu ya Ruzizi iliyokosa pa kwenda. Mwaka 2024 lilikaribia tena alama ile ya 1964. Wengi walisema: haijawahi kutokea. Wazee wachache walionyesha mti fulani au ukuta fulani, wakasema: tulifunga mtumbwi hapa. Hakuna aliyewauliza wakati wa kuuza viwanja.

Majira yaliyovunjika

Hatutaki kusema kwamba wazee walijua kila kitu. Dalili zao zilikuwa za wakati wao. Siku hizi mvua ya kufukuza vumbi inaweza kufuatwa na wiki tatu za jua, na mkono wa tate wetu ungesitasita. Pengine mvua ya mwezi mzima inaanguka kwa usiku mmoja.

Pia kuna msimu ambao kalenda ya wazee haikuuandika. Mwaka 1996 vita viliingia Lemera na Uvira mwezi wa kumi, mwezi wenyewe wa kupanda. Mbegu zilibaki ndani ya vibuyu, watu wakashika njia. Desemba 2025 mapigano yalishuka tena bondeni, mahindi yakiwa bado kondeni, na maelfu ya watu walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Mkulima anayekosa siku za kupanda hakosi siku hizo peke yake. Amekosa mavuno ya Januari, pesa ya shule, na mbegu ya mwaka unaofuata. Tunaandika hili kwa sababu anayezungumza juu ya majira ya Uvira bila kutaja amani anaeleza nusu ya hali ya hewa.

Kazi iliyo mbele yetu

Je, tufanye nini, sisi watu wa shule na wa chama cha utamaduni? Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji mfadhili.

La kwanza, kila shule iwe na kipima-mvua. Kopo lililonyooka, rula, na daftari vinatosha. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wamefanya hivyo, zamu kwa zamu, saa moja asubuhi. Mwanzoni walicheka, baada ya miezi miwili walikuwa wanabishana na wazazi wao wakiwa na namba mkononi.

La pili, majina ya nyumbani yaingie darasani. Mtoto akiandika kipwa, masika, kipwa kidogo, apate alama. Majira manne ya Ulaya ayajifunze pia, lakini kama mambo ya Ulaya.

La tatu ndilo kubwa. Tuwaulize wazee, wangali hai, maji yalipita wapi. Mtoto amfuate babu yake mpaka mahali penyewe, aweke jiwe au achore alama kwenye ramani ya kijiji: hapa mto ulikuwa, hapa ziwa lilifika, hapa hatukulala. Ramani hizo ziletwe kwa chefu wa mtaa, ziletwe kanisani na msikitini, zisomwe kabla ya kiwanja kuuzwa. Tarehe za mvua zitabadilika, na watoto wetu watalazimika kuzipima upya kila mwaka. Lakini mlima haujahama, na njia ya Mulongwe ni ile ile. Mzee anayeijua njia hiyo akifa bila kuulizwa, tutakuja kuijua kutoka kwa mto wenyewe, usiku.